Ngozi Kavu

Mvua ya kwanza ya maisha yake ilimkuta Salha uani kwa shangazi yake, peke yake, naye akafanya jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu wa Kidutani asingelifanya: alisimama akaitazama.

Alikuwa na wiki tatu tu Pemba. Kabla ya hapo, miaka thelathini na sita, aliishi Mwezini, katika mji uitwao Makazi, uliochimbwa chini ya mwamba. Huko maji hutoka kwa kipimo na hakuna kinachodondoka kutoka juu isipokuwa kilicholegea skrubu. Basi matone yalipoanza kugonga bati alitoka mlangoni kwa furaha na kunyoosha mikono. Wingu lilikuwa limefunga tangu nusu saa nyuma. Watu wote walikuwa mikarafuuni. Uani palikuwa na majamvi saba ya karafuu, matatu ya shangazi yake, Bi Mize, na manne ya majirani, yote yamebakisha siku moja tu ya jua. Salha aliyaona yakilowa. Aliona maji ya kahawia yakichirizika kati ya jamvi na jamvi, na hata hapo akawaza tu kwamba panapendeza.

Pale Kidutani kuna kazi isiyo na mwenyewe, nayo ni kuanua. Kila mtu huanika chake, lakini mvua ikija huanua aliyepo. Ziwe karafuu, iwe nguo ya mtu mliyenuniana tangu Mfunguo Mosi, unaanua kwanza, mnanuniana baadaye. Haombwi mtu wala hashukuriwi mtu. Kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia Salha, kama vile hakuna anayemwambia mgeni kwamba chakula hutiwa mdomoni.

Wanawake walirudi mbio, vikapu vichwani, wakamkuta amelowa chapa, anacheka peke yake. Riziki, jirani wa mlango wa pili, mwenye mtoto mgongoni na ulimi usiojua kupumzika, alifungua kinywa. Akamtazama Bi Mize, akakifunga. Wakakunja majamvi kimya kimya. Karafuu ikinyeshewa wakati inakaribia kukauka huvimba na kupauka, huitwa mpeta, na mpeta hakuna anayeitaka.

"Kabadili nguo," Bi Mize alimwambia. "Utashikwa na homa."

Hilo ndilo lilikuwa gombezo lote. Salha aliingia chumbani akalia kwa aibu, na alipomaliza kulilia karafuu aliendelea kulia kwa mambo mengine.

* * *

Hakuja kwa kupenda. Mwezini mwili hauna uzito wa maana, na mifupa isiyobeba kitu huoza taratibu. Kila mkazi hana budi kuteremshwa duniani mara moja kila miaka kumi na miwili, akae miezi kumi, abebe uzito wake mwenyewe. Wenyewe huiita zamu ya mifupa. Zamu zake mbili za nyuma Salha alizimaliza ndani ya kituo kimoja Unguja, kilichofungwa kama Makazi, asione hata wingu; safari hii alifundishwa tu hapo kusimama na kupanda ngazi, kisha akaulizwa kama ana jamaa. Marehemu baba yake alizaliwa Kidutani. Dada yake baba, Bi Mize, alikuwa hai, mjane, na alikuwa na chumba kitupu.

Uzito aliuzoea. Kilichomshinda ni hewa.

Mwezini hewa ni kavu, nyuzi ishirini na moja, asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Hapa hewa ilikuwa na maji ndani yake. Chumvi ililowa koponi. Taulo aliyojifutia asubuhi ilikuwa bado mbichi magharibi. Viatu vyake vya kuteremkia, vya bei na vya fahari, viliota ukungu wa kijani ndani ya siku tano, na Bi Mize akaviweka nje ya mlango akisema vimeomba ruhusa ya kuondoka. Alijifunza kufagia kabla jua halijachomoza na kuoga mara tatu. Alijifunza kwamba saa sita mchana mtu mwenye akili zake hatembei. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Salha alipewa kazi ya kukaa barazani kuchambua karafuu, kutenga tumba na makonyo, vile vijiti vyake, kazi ya watoto na wagonjwa.

Chini ya dera lake alivaa fulana ya maji baridi. Ilikuwa na mirija myembamba iliyozunguka kifua na mgongo, na pampu ndogo kiunoni iliyonguruma. Betri yake ilijazwa na sahani ya jua juu ya bati, ikadumu saa nne, kisha ilibidi aivue na kuingia kwenye pipa la maji. Kwa sababu Salha hakuwa akitoka jasho. Hakuna mtu wa Makazi anayetoka jasho.

"Hata kidogo?" Riziki aliuliza siku moja barazani, akiwa ameacha kuchambua ili ashangae vizuri. "Hata ukila pilipili?"

"Hata kidogo. Tunazibwa."

"Na nani?"

Salha alitazama tumba zilizokuwa kiganjani mwake. Angeweza kusema wataalamu, au serikali. Alieleza jinsi mji uliofungwa usivyoweza kuvumilia pumzi na jasho la watu elfu tisa, jinsi unyevu unavyopanda kwenye kuta ukazaa kuvu, jinsi chumvi inavyokula mitambo ya hewa, na mtambo wa hewa ukifa watu hawana pa kukimbilia. Ulipojengwa mji ilitokea hivyo, wakafa mia nne. Tangu hapo kila mtoto anayezaliwa huzibwa vitundu vya jasho siku ya arobaini, kwa sindano kumi na sita.

"Arobaini sisi tunamtoa mtoto nje akaone jua," Bi Mize alisema.

"Na mimi ndiye ninayeziba," Salha alisema. "Ndiyo kazi yangu. Wananiita Mama Arobaini."

Riziki alimvuta mwanawe mgongoni, akamweka upande wa pili, mbali kidogo. Hakufanya kwa ubaya. Mkono ulikwenda wenyewe, na Salha akauona.

Alipakumbuka kwao siku ile mpaka kifua kikamuuma. Alikumbuka ukimya wa mitambo ya hewa na shuka kavu. Alimkumbuka mumewe, Haroub, anavyoingia kutoka kazini akiruka hatua tatu tatu kama watu wote wa kule. Zaidi ya yote alimkumbuka Ilham, binti yake, anayelala na mguu mmoja nje ya kitanda, na ambaye tangu mama yake ateremke alikuwa amekataa kukatwa nywele mpaka arudi. Ilikuwa imebaki miezi minne. Salha aliihesabu kila alfajiri, kabla hata hajafungua macho vizuri.

* * *

Haroub alipiga simu siku ya Ijumaa baada ya sala. Sauti huchukua zaidi ya sekunde moja kufika Mwezini na nyingine kama hiyo kurudi, hivyo watu wa Makazi wamezoea kuzungumza kwa subira, kila mmoja akimngoja mwenzake kama wazee wawili kwenye mchezo wa bao.

"Ilham anatimiza miaka saba tarehe kumi na mbili," alisema. "Nimekutumia karatasi ya kukaza. Mimi nimeshatia saini yangu. Bonyeza tu."

Kuziba kwa arobaini hudumu miaka saba. Vitundu huanza kufunguka polepole, na hapo ndipo mtoto hukazwa, sindano nyingine, ambazo hizo hazifunguki tena mpaka kaburini. Sheria inataka saini za wazazi wote wawili. Mtoto asiyekazwa hawezi kubaki Makazi. Huteremshwa kwa chombo kinachofuata, pamoja na mzazi wake mmoja au kwa mzazi aliyeko chini. Katika miaka yote ya kazi yake Salha hakuwahi kumwona mzazi aliyekataa. Alikuwa akiwapa kalamu mwenyewe, na peremende kwa mtoto.

"Nitabonyeza," alisema.

"Leo?"

"Leo au kesho. Betri ya simu iko chini."

Betri ilikuwa imejaa. Hakujua kwa nini alisema uongo, na alikereka nao mchana kutwa. Jioni aliifungua karatasi. Ilikuwa ileile aliyoisoma mara elfu kwa niaba ya watu wengine, na jina la Ilham binti Haroub lilionekana geni pale juu, kama jina la mtoto wa mtu.

"Ukitia saini inakuwaje?" Riziki alimuuliza kesho yake. Habari haikai Kidutani, na Salha mwenyewe ndiye aliyempa Bi Mize.

"Anabaki kwao. Na mimi narudi kwao. Tunaishi."

"Na siku akitaka kuja huku?"

"Atakuja kwa zamu, akifika miaka kumi na miwili. Miezi kumi."

"Na fulana kama hiyo yako."

"Na fulana."

Riziki alichambua karafuu tatu, nne. "Mie sisemi kitu, dada. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake."

* * *

Vuli ilikaa vibaya mwaka ule. Siku tatu mfululizo wingu halikupasuka wala halikunyesha, joto likakaa chini yake kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Sahani ya jua haikupata jua. Siku ya nne asubuhi fulana ilinguruma robo saa ikazimika. Salha aliivua, akaitundika, akakaa karibu na pipa na kujipangusa kwa kitambaa cha maji. Adhuhuri wingu lilichanika kidogo, watu wakaanika haraka haraka, wakaenda kuchuma. Majamvi tisa.

Baada ya kitambo kidogo upepo ulikata. Kuku wa Bi Mize waliingia uvunguni mwa ghala bila kufukuzwa, na mahali fulani upande wa bonde kulisikika mvumo uliokuwa ukija.

Alijua sasa. Hakungoja tone. Alikunja jamvi la kwanza kutoka pembeni, kama alivyowaona wakifanya, akaliburura mpaka ghalani. La pili. Jamvi lenye karafuu nusu kavu ni zito, na kwa mtu aliyekuwa amebeba uzito wake mwenyewe kwa miezi sita tu, ni zito mara mbili. Kwenye la nne moyo ulianza kumpiga masikioni. Kwenye la sita macho yaliona njano. Mwili wake wote ulikuwa moto, moto wa ndani usiokuwa na mlango wa kutokea, na ngozi yake ilikuwa kavu kabisa. Alijua kitaalamu kinachomtokea. Aliwafundisha wanagenzi wake dalili hizo, kwa mpangilio, na kwamba baada ya ile ya tano mtu hukaa chini popote alipo. Alikuwa kwenye ya sita. Alilivuta jamvi la nane, akalivuta la tisa, na mvua ikaangusha matone yake ya mwanzo wakati mlango wa ghala unafungwa. Akaanguka hapo hapo kizingitini, upande wa ndani, mahali pasiponyesha.

Alipozinduka alikuwa amekalishwa chini ya mchirizi wa bati na maji yanamwagika kichwani. Wanawake watano walikuwa wamemzunguka. Bi Mize alimshika mabega. Mmoja alimpepea kwa kipepeo cha ukindu, wengine walilowesha kanga zao na kumpangusa mikono, shingo, nyayo, kwa zamu, bila kusimama.

"Mwagieni tu," Bi Mize alikuwa akisema. "Msiache. Maji yakikauka mwilini mumwagie tena."

"Tulia, dada," Riziki alimwambia sikioni. "Leo sisi ndio jasho lako."

Walikuwa wamekimbia kutoka mikarafuuni na wenyewe walikuwa wametota, kwa mvua na kwa jasho, haikujulikana kipi ni kipi. Mikono yao ilimgusa ikiwa na chumvi. Salha alinusa harufu ile ambayo wiki za mwanzo ilimtia kichefuchefu, akatamani wasiondoke.

Mtoto wa Riziki alilazwa kwenye mkeka karibu yake, amelala fofofo katikati ya kelele zote. Alikuwa na miezi mitatu. Juu ya pua yake na chini ya nywele kulikuwa na vijitone vidogo vidogo, na upepo wa mvua ulipopita vilikauka, na vingine vikatoka. Salha alimtazama muda mrefu. Alijua mahali pa kila sindano kwenye mwili wa kadiri ile, nne kila kwapa, mbili nyuma ya kila sikio, nyingine mgongoni. Kwa miaka tisa alikuwa ameyajua maeneo yale na hakuwahi hata mara moja kuona yanafanya kazi gani. Mwili mdogo ulikuwa ukijipoza wenyewe, bila kumwomba mtu.

* * *

"Tia saini," Bi Mize alisema.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe kumi na mbili. Majamvi yalikuwa yametandazwa tena na jua lilikuwa kali. Salha, na fulana yake inayonguruma, alikuwa hajalala vizuri siku mbili. Alikuwa ametegemea kila kitu isipokuwa hilo.

"Shangazi?"

"Tia saini urudi kwenu. Mtoto kwao ni kule, babake yuko kule, wenzake wako kule. Umtoe mtoto kwao kwa ajili ya jasho? Jasho lina nini? Linanuka. Mie ningepewa sindano hizo ningechanjwa jana."

Salha alicheka. "Nikitia saini, Shangazi, mimi ndiye nitakayefurahi. Miezi mitatu na nusu niko nyumbani. Siwezi kukwambia ninavyopataka nyumbani. Nikifumba macho nasikia mlango wetu unavyofunguka. Ndiyo maana naogopa. Najiuliza ninamkaza mtoto kwa faida yake au ninamkaza ili nipate kurudi."

"Na usipotia?"

"Anakuja huku. Na mimi sirudi, maana mtoto hawezi kuachwa peke yake. Mimi nilikwisha kukazwa, sifunguki. Nitakaa na fulana na pipa mpaka nife. Yeye atakuwa kama nyinyi."

"Atatulaani sote mwaka mzima."

"Atatulaani."

Bi Mize aligeuza karafuu kwa wayo, taratibu, mistari mistari, kama watu wanavyozigeuza ili zikauke sawasawa. Aliendelea hivyo mpaka jamvi likaisha.

"Babako alikwenda na jasho lake," alisema. "Walimkaza mtu mzima, ndilo sharti la kupewa kazi. Alikuja zamu yake moja ukiwa mdogo, wakamweka chumba cha barafu Unguja, hakuweza kuvuka kuja hapa. Baada ya hapo kila vuli alinipigia simu. Hataki mazungumzo. Ananambia, Mize, mvua ikinyesha ninyanyulie simu karibu na bati. Nami nanyanyua mpaka mkono unakufa ganzi. Hasemi kitu. Nasikia tu anavuta pumzi." Akaunyoosha ukingo wa jamvi. "Mie nimekwambia utie saini, na sirudi nyuma. Lakini hilo nalo ujue."

Salha hakuwahi kujua. Baba yake alikuwa mtu mkimya, ambaye mara nyingine alizimisha muziki wa wengine, akajifungia na simu na kusema ana kazi.

Salha alipiga simu mwenyewe, saa tisa alasiri.

"Umebonyeza?" Haroub aliuliza. Alikuwa amevaa shati la sherehe. Nyuma yake palionekana keki.

"Sijabonyeza. Sitobonyeza."

Alihesabu sekunde tatu. Zikawa sita, zikawa kumi.

"Unajua maana yake?"

"Ataletwa na chombo cha Januari. Na mimi nitabaki naye."

"Na mimi, Salha?"

"Zamu yako ni mwakani. Njoo. Ukipashindwa utarudi, na sitakulaumu."

"Umeniamulia," Haroub alisema. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa hivyo. "Umeniamulia mimi na yeye, kwa saini moja usiyoitia."

"Nimewaamulia. Nimewaamulia watoto wa watu miaka tisa, wala sikuwahi kukosa usingizi. Huyu nimekosa usingizi. Sina la kujitetea zaidi ya hilo."

Aliona uso wa mumewe ukikunjamana. Kisha uso ukaondoka, kamera ikatazama dari, dari kavu nyeupe aliyoizoea kuliko kiganja chake, na Salha akaitazama kwa uchu akijua kwamba anaiaga. Mikono midogo ikainyanyua simu. Ilham alikuwa na nywele mpaka mabegani.

"Mama, Baba analia. Anasema nakuja huko."

"Unakuja, mwanangu."

"Kwa zamu?"

"Siyo kwa zamu. Kukaa."

Zikapita sekunde, na Salha aliona kwa macho yake neno lilivyofika.

"Sitaki," Ilham alisema. "Rudi wewe."

"Najua hutaki."

"Rafiki zangu wote wako hapa."

"Najua."

Mtoto alilia kidogo, akajifuta kwa nywele zake. Salha hakumbembeleza kwa ahadi. Alikaa naye tu, akingoja, kila kwikwi ikimfikia imechelewa.

"Rafiki yangu Fatna anasema huko kuna joto," Ilham alisema mwishowe. "Anasema linaua."

"Lipo. Mimi linanishinda. Wewe litakuumiza siku za mwanzo, kisha utatoka jasho, utapoa."

"Jasho likoje?"

Salha alifungua kinywa. Alijua idadi ya vitundu katika ngozi ya mtoto wa miaka saba. Alijua kiasi cha chumvi, kiasi cha maji kwa saa, na joto ambalo kila tone huondoka nalo likikauka. Alitafuta neno, akatafuta tena, na huko juu binti yake akangoja.

Bi Mize alikuwa barazani, ameinamia ungo, shingo inameremeta.

"Shangazi," Salha aliita, akimpelekea simu kwa mikono miwili. "Njoo umwambie mwanangu jasho likoje. Mimi sijui."